Mdalasini na Sukari ya Damu: Majaribio Yameonyesha Nini?

Mtu akigunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili, ushauri wa ndugu na majirani humfikia kabla hajamaliza pakiti ya kwanza ya vidonge. Mmoja humtajia mlonge, mwingine uwatu, na wengi humtajia mdalasini: kijiko kimoja cha unga wake katika maji ya moto kila asubuhi, pengine pamoja na asali. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na haukuzuka bila sababu. Gome la mdalasini limechunguzwa na watafiti kwa zaidi ya miaka 20. Matokeo yao yanastahili kusomwa kwa utulivu, kwa kuwa baada ya ushauri huja swali zito: je, vidonge viachwe?

Utafiti uliovuma kuliko yote ulifanyika Pakistan na kuchapishwa mwaka 2003. Wagonjwa 60 wa kisukari cha aina ya pili waligawanywa katika makundi sita. Makundi matatu yalipewa mdalasini, gramu 1, 3 au 6 kwa siku, na matatu mengine yalipewa vidonge visivyo na dawa yoyote. Baada ya siku 40, sukari ya damu iliyopimwa kabla ya kula ilikuwa imeshuka kwa asilimia 18 hadi 29 kwa waliotumia mdalasini. Habari hiyo ilienea haraka, lakini sehemu zake muhimu ziliachwa njiani. Washiriki hawakuacha dawa zao. Waliendelea kumeza vidonge vya jamii ya salfonilurea, jamii ambayo glibenklamidi imo. Tena, waliopewa gramu 1 walipata nafuu isiyotofautiana sana na ya waliopewa gramu 6, jambo lisilo la kawaida kwa dawa, ambayo hutarajiwa kuonyesha nguvu zaidi kipimo kinapoongezwa. Mtafiti makini hapo husita, akangoja wengine warudie jaribio.

Wengine walirudia. Uholanzi, mwaka 2006, wanawake 25 wenye kisukari waliokwisha koma hedhi walifuatiliwa kwa wiki sita, baadhi wakitumia gramu 1.5 za mdalasini kwa siku, hapakuonekana tofauti. Mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane walikusanya majaribio 10 yenye washiriki 577 na kuhitimisha kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza mdalasini kuwa tiba ya kisukari. Mwaka uliofuata uchambuzi mwingine, wa majaribio 10 pia, ulikuta sukari ya kabla ya kula imeshuka kwa wastani wa takriban milimoli 1.4 kwa lita. Mtu angeweza kuchagua uchambuzi unaompendeza, lakini katika jambo moja chambuzi hizi mbili zinakubaliana: hakuna uliokuta badiliko la kuaminika katika kipimo cha HbA1c.

Kipimo hicho ndicho kiini cha mjadala wote. Sukari inapozunguka katika damu, sehemu yake hujishikiza kwenye himoglobini iliyo ndani ya seli nyekundu, na haiachii mpaka seli hiyo ife. Seli nyekundu huishi kwa takriban siku 120. Kwa hiyo HbA1c huonyesha hali ya sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kupima sukari asubuhi moja ni kama kumwuliza mwenye duka ameuza kiasi gani leo. HbA1c ni kufungua daftari lake la msimu mzima. Madhara yanayoogopwa, yaani kuharibika kwa macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu, hufuatana zaidi na daftari kuliko na mauzo ya siku moja. Mgonjwa anayeona namba nzuri kwenye kipimo cha kidole baada ya wiki mbili za mdalasini ana haki ya kufurahi, ila bado hana sababu ya kutupa metformini.

Lipo pia suala la ni mdalasini upi. Jina hilo moja hubeba magome ya miti tofauti. Unaolimwa Unguja na Pemba ni ule uitwao pia mdalasini wa Ceylon: gome jembamba, la rangi ya kahawia isiyokolea, lililojikunja tabaka juu ya tabaka na kuvunjika kwa urahisi. Mwingine, kasia, hutoka hasa China, Vietnam na Indonesia. Gome lake ni nene, gumu, na hujikunja tabaka moja tu. Yakishasagwa, jicho haliwezi kuyatofautisha. Kasia ina kumarini kwa wingi, kemikali inayoweza kudhuru ini la watu wachache wenye wepesi wa kudhurika nayo, ilhali mdalasini wa Ceylon una chembe tu. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 0.1 za kumarini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 hukifikia kikomo hicho kwa takriban gramu 2 za kasia, ambazo hazijazi hata kijiko cha chai. Kipande cha gome ndani ya sufuria ya pilau ya watu wanane hakimtishi yeyote. Kijiko cha unga kila siku, mwaka mzima, ni jambo jingine.

Asali nayo isisahaulike. Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, na kijiko kimoja cha kulia hubeba karibu gramu 17. Ni ajabu kidogo kwamba dawa ya kushusha sukari huanza kwa kuipandisha.

Baadhi ya wagonjwa husema wanapenda mimea kwa sababu vidonge ni vya kemikali. Hao huenda wasijue kwamba metformini ina ukoo wa mmea: Galega officinalis, uliotumika Ulaya tangu zamani, una galejini, kemikali inayoshusha sukari lakini yenye sumu. Wanakemia walitengeneza jamaa yake aliye salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa.

Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mdalasini hauna nafasi katika mjadala wa tiba. Kongosho lake halitengenezi insulini ya kumtosha, na siku chache bila sindano zinaweza kumuua.

Kliniki, swali huulizwa vizuri zaidi bila kukemea, maana mgonjwa aliyekemewa mara moja kuhusu dawa za mitishamba hatazitaja tena. Ataulizwa anatumia gome lipi, kiasi gani, kwa muda gani, na kama ameruka vidonge vyovyote. Anayetumia unga kila siku na ana historia ya homa ya ini, au macho yake yameanza kuwa ya manjano, ausimamishe unga huo na apimwe ini. Mwenye kuutia mdalasini kwenye chai isiyo na sukari aendelee kuinywa, na arudi kupima HbA1c baada ya miezi mitatu akiwa hajaacha dawa zake.