Kufunga Kuna Siku Yake, na Karamu Ina Siku Yake

Maandiko ya somo: Kumbukumbu la Torati 14:22-29, 1 Wakorintho 9:24-27, Luka 15:25-32

Jumapili iliyopita tuliangalia kiasi, tunda la mwisho kwenye orodha ya matunda ya Roho katika Wagalatia 5. Wengi wetu tukisikia kiasi tunafikiria kukataa tu: usile, usinunue, usipumzike. Wengine nao wakisikia kwamba tuko huru, wanaachilia kila kitu. Nyumba nyingi zinaumia kwa sababu ya pande hizi mbili. Hebu tuone Neno linasemaje.

1. Mwili usiwe bwana wako

Paulo aliwaandikia Wakorintho mfano ambao waliujua vizuri. Karibu na mji wao kulikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili. Wakimbiaji walijinyima mambo mengi kwa sababu ya taji la majani, ambalo baada ya siku chache limenyauka. Paulo anasema yeye pia anautiisha mwili wake, lakini kwa taji lisiloharibika.

Angalia kwamba mkimbiaji hajinyimi kwa sababu chakula ni kibaya. Anajinyima kwa sababu anaona mbele. Kwa hivyo jiulize: mimi najizuia kwa ajili ya nini? Ni karo ya muhula ujao? Ni sukari ambayo daktari amesema imepanda? Ni muda wa maombi? Ukijua sababu, utasimama. Usipoijua, utachoka. Wakolosai 2:20-23 inatuonya kwamba sheria kali za usiguse, usionje, zinaonekana za hekima lakini hazina nguvu ya kuishinda tamaa ya mwili. Ndiyo maana mtu anafunga siku 21 mwezi wa Januari, halafu siku ya 22 anakula mpaka anaugua.

2. Mungu mwenyewe aliweka siku ya kufurahi

Hapa wengi hushangaa. Katika Kumbukumbu la Torati 14, Mungu anawaambia Israeli watenge fungu la kumi la mazao yao, waende mahali atakapochagua, wale mbele zake. Kama safari ni ndefu, wauze mazao, wabebe pesa, wakifika wanunue kile nafsi zao zinatamani, ng'ombe au kondoo, wafurahi na jamaa zao. Si eti Mungu alivumilia tu. Aliagiza.

Lakini tazama ile furaha ilikuwa namna gani:

- Ilipangwa. Mtu aliweka akiba kwanza, hakukurupuka.
- Ilikuwa ya pesa iliyo mkononi, si ya deni. Nyama choma ya mkopo wa simu ni tamu jioni moja, na chungu mwezi mzima.
- Ilikuwa ya nyumba yote. Si baba kula hotelini na watoto wamelalia uji.
- Haikumsahau Mlawi. Na kila mwaka wa tatu fungu lile lilikuwa la Mlawi, mgeni, yatima na mjane.

Najua mstari wa 26 unataja hata kileo, na kuna ndugu ataukimbilia huo. Mpendwa, kwa mtu aliyewahi kufungwa na chupa, hicho si kitulizo, ni mnyororo. Soma 1 Wakorintho 6:12. Kinachokutawala si zawadi tena.

3. Kaka mkubwa alikosa mbuzi au alikosa furaha?

Katika Luka 15 tunamhubiri sana mwana mpotevu. Hebu tumtazame kaka yake. Hakutapanya mali na hakukosa kazini. Lakini siku ya karamu alisimama nje amekasirika, akihesabu miaka aliyotumika na mbuzi ambaye hakuwahi kupewa. Baba akamjibu kwamba vyote alivyo navyo ni vyake. Kumbe alikuwa akiishi kama mtumwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kuna mama kama huyo katikati yetu. Anaamka saa kumi kwenda sokoni, analipa karo, anachanga chama, hajinunulii hata leso mpya. Tunamsifu, na ni haki. Lakini kila soda ya mtoto inaleta ugomvi, na jirani akinunua kiti anasema ni majivuno. Mama yangu, hilo si kosa la bidii yako. Umejinyima mpaka moyo umekauka. Baba yako wa mbinguni hakukuajiri, alikuzaa. Chapati na kuku Jumapili moja kwa mwezi, ukila ukicheka na watoto wako, haiwezi kukuondolea taji.

Tufanye nini wiki hii?

Kwanza, kaeni kama familia, mpange jambo moja dogo la kufurahia mwezi huu, na mweke pesa yake kando kuanzia sasa. Pili, amueni ni nani asiye na kitu mtakayemwalika au kumpelekea sahani, kama Nehemia 8:10 inavyofundisha. Tatu, kama una jambo ambalo huwezi kuliacha hata wiki moja, usiliite kitulizo. Mwambie mzee wa kanisa unayemwamini, muombe pamoja.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Mimi nafanana na nani zaidi, mwana mpotevu au kaka yake?
2. Kitu ninachokiita kujituliza kinaacha nyumba yangu na amani au na deni?
3. Mara ya mwisho watoto wetu walituona tukifurahi mbele za Mungu ni lini?

Tuombe: Baba, tufundishe kusema hapana bila uchungu, na kusema ndiyo bila kufungwa. Katika jina la Yesu, Amina.