Somo la Toleo Hili: Kishikwambi Kipo, Je, Mtoto Anakitumia?

Mzazi wa Kayole, Dandora au Mathare akiulizwa kama shule ya mtoto wake ina vishikwambi, huenda akajibu ndiyo. Akiulizwa ni lini mtoto alikishika mara ya mwisho, jibu huwa gumu. Somo hili linahusu tofauti ya maswali hayo mawili.

Vifaa vilikotoka

Katika kampeni za 2013, wazazi waliahidiwa vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Serikali ya Kitaifa ilipoanza usambazaji 2016, watoto waliletewa vishikwambi, na shule zikapewa pia vifaa vya walimu na projekta. Mgao huo ulikuwa wa shule za msingi za umma. Shule za kibinafsi za karo nafuu, ambazo familia nyingi za Eastlands hutegemea, hazikuwemo.

Mtaala wa umilisi ulioanza 2019 unataka kila mtoto, wa shule yoyote ile, apate ujuzi wa kidijitali. Hapo ndipo asiye na kifaa nyumbani wala shuleni huachwa nyuma.

Hesabu ya dakika

Kipindi cha Gredi ya 1 hadi ya 3 ni dakika 30. Tuseme darasa lina watoto 60 na vishikwambi 20 vinavyofanya kazi. Watoto watatu wakitumia kimoja kwa zamu, kila mmoja anapata dakika 10. Vishikwambi 10 vikiharibika, anapata dakika 5. Vikifungiwa kabatini kwa kuogopa wezi, hapati hata moja.

Mtoto ambaye mzazi wake ana simu ya kisasa hufidia dakika hizo jioni. Yule ambaye mama yake ana simu ya kubonyeza hana pa kufidia. Kwake, dakika za shuleni ndizo zote.

Ni nani wa kuulizwa?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka shule za msingi chini ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti inasimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya mashinani na maktaba. Kwa hivyo, swali la vishikwambi lianzie kwa mwalimu mkuu, liende kwa bodi ya usimamizi wa shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Maktaba za Kaloleni na Makadara, kwa upande wake, ni za kaunti. Ulizia huko saa za kufunguliwa na huduma zilizopo kwa watoto.

Maswali ya mkutano wa wazazi

1. Ni vishikwambi vingapi vinavyofanya kazi leo?
2. Kila darasa lina zamu siku gani, na ratiba imebandikwa wapi?
3. Kifaa kikiharibika, nani hukitengeneza, na kwa pesa zipi?
4. Kazi ya nyumbani ikihitaji simu au kuchapishwa saiba, asiye na uwezo amepangiwa njia gani nyingine?

Mzazi, usiridhike ukiambiwa tu kwamba vifaa vipo. Uliza mtoto wako anapata dakika ngapi kwa wiki, kisha rudi muhula ujao uulize tena.