SOMO LA VILIMA: PANDA PAKALI, SHUKA PA POLE

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita liliulizwa swali ambalo sikuweza kulijibu kwa maneno mawili. Vijana wetu wawili waliumia magoti katika mbio za tawi, na kwa ajili hiyo wakakosa siku nyingi za kuchuma, na siku za kuchuma ndizo siku za kupata. Mzee mmoja akauliza, "Nani aliyewachagulia ile njia?"

Niliichagua mimi. Niliianzia juu kilimani nikaiteremsha moja kwa moja mpaka bondeni, nikidhani kuwa nawahurumia, maana kila mtu hupenda kuteremka kuliko kupanda. Lakini wahenga walikwisha kutuambia: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Nami sikuwa na udhuru wa kutojua, kwa sababu kosa hilo nililifanya zamani juu ya miguu yangu mwenyewe, huko Kipili. Basi nitaeleza kwanza habari ya Kipili, kisha tutazame jinsi ya kuchagua njia njema katika vilima vyetu.

Kipili ni bandari ndogo katika pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa. Mbele yake pana visiwa vidogo, hata mtu wa Pemba akisimama ufukweni asubuhi hujiona kama yuko kwao. Lakini akigeuka nyuma ataona kuwa hayuko kwao. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, na mji wa Sumbawanga, ulio katika uwanda wa juu wa Ufipa, uko kiasi cha mita 1,800. Milima ya Mbizi iliyo karibu na mji huo hupita mita 2,400. Kwa hivyo mtu atokaye ziwani kwenda Sumbawanga hupanda zaidi ya mita 1,000. Vilima vyetu sisi vyote havifiki hata mita 150. Hii ndiyo sababu nautumia mfano wa Kipili: ni herufi zile zile, ila zimeandikwa kwa maandishi makubwa.

Nilikaa huko miezi michache pamoja na mjomba wangu katika biashara ya dagaa. Kila alfajiri, baada ya sala, nilikuwa nikikimbia kandokando ya ziwa kuelekea Kirando, na huko njia haina taabu kubwa. Siku moja nikapata lori linalokwenda Namanyere. Nikapanda, likanishusha mbali juu mlimani, nami nikarudi chini kwa mbio. Nilifurahi sana. Pumzi haikunipungukia hata kidogo, na nilijiona kuwa mimi ni bingwa. Siku ya kwanza niliona uchovu tu. Siku ya pili sikuweza kurukuu wala kusujudu. Nilisali nimeketi, kijana mzima, na wazee wananitazama.

Mzee mmoja mvuvi, mwenyeji wa hapo, alinikuta nikishuka gati kinyumenyume.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefanywa nini miguu?"

Nikamweleza habari ya lori. Akacheka, kisha akasema, "Ulipanda lini, hata ukashuka?"

Maneno hayo machache ndiyo somo zima. Watu wa huko wateremkao na mizigo ya mahindi na maharage hushuka kwa sababu jana yake walipanda, na juzi walishuka, na tangu utotoni ndiyo kazi yao. Mimi nilitaka kushuka bila ya kupanda.

SABABU YAKE

Mtu anapopanda, kazi kubwa ni ya moyo na mapafu. Huhema, hutoka jasho, hupunguza mwendo. Mwili wenyewe humwonya. Anaposhuka, kazi ni ya misuli ya mbele ya paja. Kila hatua paja hufanya kazi ya breki, yaani msuli huvutwa na kurefuka huku wenyewe ukijikaza kuzuia uzito. Kazi ya namna hii huuchanachana msuli kwa mikato midogo isiyoonekana. Maumivu yake hayaji papo hapo; huzidi siku ya pili au ya tatu. Hapo ndipo mkimbiaji hudanganyika, kwa kuwa kilima humlipisha baada ya yeye kwisha kusahau. Tena paja likichoka kuzuia, uzito wote huangukia goti.

Si kwamba kila mteremko ni mbaya. Uchunguzi wa Minetti na wenzake, uliochapwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa mkimbiaji hutumia nguvu chache kabisa katika mteremko unaoshuka kiasi cha mita 10 mpaka 20 katika kila mita 100. Ukizidi hapo, nguvu zinazotumika huanza kupanda tena, kwa sababu ya kujizuia.

Mabingwa nao wameyajua haya. Mwananchi wetu Juma Ikangaa alishika nafasi ya pili katika mbio za Boston, Marekani, miaka mitatu mfululizo: 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde 1 tu. Njia ile ya Boston inasifiwa kwa ugumu, ingawa mwisho wake uko chini kuliko mwanzo wake. Huanza kwa kuteremka, na vilima vyake mashuhuri huja baada ya kilomita 25, wakati mapaja yamekwisha kuchoka. Aliyeteremka kwa pupa asubuhi huvilipia vilima hivyo mchana.

WAKULIMA WENZETU WA UFARANSA

Mkulima anaweza kuuliza: mbio zina haja gani katika mashamba? Nitatoa mfano wa wakulima wenzetu. Katika nchi ya vilima ya Beaujolais, kaskazini ya mji wa Lyon, Ufaransa, watu hulima zabibu, na wengi wao huzichuma kwa mkono kama sisi tunavyochuma karafuu. Kila mwaka mwezi wa Novemba hufanywa huko mbio ndefu zinazopita katika mashamba hayo, na wageni kwa maelfu huja kukimbia, kulala na kununua. Tazameni ule mwezi waliouchagua. Mavuno yamekwisha, hakuna tunda la kukanyagwa wala mchumaji wa kusumbuliwa. Mvinyo wao na wabaki nao. Sisi tuchukue busara yao ya kuchagua wakati.

KANUNI ZA KUCHAGUA NJIA

Kwanza, njia iwe ya mzunguko. Ianze mahali pa sawa kwa kiasi cha robo saa, ili miguu ipate joto. Kisha ipande upande ulio mkali wa kilima, ishuke upande ulio wa pole, na imalizikie mahali pa sawa. Msianzie juu kama nilivyofanya mimi, wala msiweke mteremko mkali mwishoni.

Pili, mteremko upimwe, usikisiwe kwa macho. Chukueni kamba ya mita 10. Mmoja aishike chini kabisa ardhini upande wa juu wa kilima, na mwenzake aivute kuelekea chini mpaka ikae sawasawa kwa pimamaji ya fundi mwashi. Kisha pimeni toka ncha ya chini ya kilima mpaka ardhini. Ikiwa ni mita 1, basi mteremko ni wa mita 10 katika 100, nao unafaa. Ikiwa ni mita 2, huo ndio mpaka. Zaidi ya hapo, vijana washuke kwa kutembea. Ile njia yangu tuliipima baadaye, nayo katika sehemu mbili ilipita mita 2 na nusu.

Tatu, miguu izoezwe kidogo kidogo. Wiki ya kwanza mteremko mfupi, dakika tano tu. Wapumzike siku kadhaa, kisha waongeze. Msuli uliokwisha kuonja mteremko mara moja huumia kidogo mara ya pili, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa.

Nne, mwendo wa kushuka uwe wa hatua fupi za haraka. Mtu asijitupe nyuma na kukanyaga kwa kisigino, maana huko ni kuligonga goti kwa nyundo. Macho yatazame hatua kadhaa mbele, si vidole vya miguu.

Tano, shamba liheshimiwe. Mwenye shamba aombwe ruhusa. Njia isipite penye miche michanga, wala penye majamvi ya karafuu zinazoanikwa, kwa sababu ya vumbi. Wala mbio zisifanywe katika msimu wa kuchuma, wala baada ya mvua kubwa, udongo unapoteleza.

Maumivu ya mapaja yote mawili yakija siku ya pili, hayo hupoa kwa kupumzika na kutembea taratibu. Lakini goti likivimba, au likiuma kwa kuchoma mahali pamoja, mtu aende hospitali, asifungwe kitambaa na kurudishwa mbioni.

Kanuni hizi hazimhusu mkimbiaji peke yake. Mchumaji aliye juu ya mkarafuu naye hupanda akiwa na nguvu na hushuka akiwa amechoka, na kila msimu tunasikia habari za walioanguka. Yeye pia na ashuke kabla miguu haijaanza kutetemeka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini maumivu ya kushuka huchelewa?
2. Kamba ya mita 10 ikionyesha mita 1 na nusu, mteremko ni wa mita ngapi katika 100? Je, unafaa?
3. Katika eneo la tawi lako, upande gani wa kilima ni wa kupandia, na upi wa kushukia?

Jibu la swali la tatu lije na vipimo katika mkutano ujao, kila tawi kwa kilima chake. Hatutakimbia tena njia ambayo haikupimwa. Na kwa wale vijana wawili na wazee wao, nimekwisha kwenda majumbani kwao kuomba radhi, nami nairudia hapa mbele ya wanachama wote.

Wenu katika kazi,
KATIBU