Salio Lipo, Mbona Haliondoki?

Wadogo zangu wa Kilwa Masoko, Kivinje, Somanga hadi Lindi mjini, mmeniuliza sana hili: "Dada, pochi ya sarafu mtandao inaonyesha salio, nikituma inagoma. Nimeibiwa?" Mara nyingi hujaibiwa. Tulia, tuisome pochi pamoja.

Ukipeleka ufuta ghalani, unarudi nyumbani na stakabadhi. Mzigo umebaki kule. Ulichoshika ni uthibitisho kwamba ni wako. Vivyo hivyo, sarafu hizi hazikai ndani ya simu. Zimeandikwa kwenye daftari la mtandao, na pochi inakutunzia ufunguo tu. Simu ikizama baharini, mali yako ipo, mradi una yale maneno 12 au 24 ya siri uliyopewa ulipofungua pochi.

Sasa, kwa nini inagoma? Kaka yako aliyeko Muscat amekutumia USDT kupitia mtandao wa Tron. Ada ya kutuma huko kwa kawaida hulipwa kwa TRX, sarafu ya mtandao huo. Kama huna TRX, hizo USDT utaziangalia tu. Kwenye mtandao wa Cardano, kila tokeni lazima iambatane na kiasi kidogo cha ADA, sarafu ya mtandao huo, kwa kawaida kinachozidi 1 kidogo. Ukiwa na ADA 5 na tokeni kadhaa, huwezi kuzitoa zote 5 huku tokeni zikibaki. Ndiyo maana salio la jumla na salio la kutumia hupishana.

Hapo kwenye viambatisho ndipo penye hasara ya kimyakimya. Bitcoin 1 ina satoshi 100,000,000, na tangu Januari 2023 watu huandika picha na maandishi juu ya satoshi moja moja kwa njia ya Ordinals. Pochi isiyozitambua huziona kama chenji, ikazilipa kama ada. Mwenye mali za namna hiyo aziweke kwenye anwani yake ya peke yake, mbali na sarafu za matumizi. Na tokeni usiyoijua ikikuingilia, usifungue kiungo chake wala usiidhinishe chochote.

Lakini mdogo wangu, kama salio lako liko kwenye jukwaa la watu wengine, ufunguo wanao wao. Aprili 2025 wateja wa jukwaa la CBEX huko Nigeria na Kenya walishindwa kutoa fedha walizokuwa wakiziona kwenye simu zao kila siku. Anayekudai ulipe kwanza ndipo akufungulie salio, mkimbie.

Nawaambia kwa uchungu kwa sababu ukikosea hapa, hakuna wakala wa kumkimbilia akurudishie muamala. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba fedha halali nchini ni shilingi. Kodi ya zuio ya 3% kwenye malipo ya mali za kidijitali, iliyokuja na Sheria ya Fedha ya 2024, haimaanishi kwamba serikali itakufidia.

Basi jioni hii yaandike maneno yako kwa kalamu, kwenye karatasi mbili, uzifiche nyumba mbili tofauti. Usiyapige picha, usiyatume WhatsApp, hata kwa mchumba. Na kabla ya kutuma kiasi kikubwa, tuma kidogo kwanza, uhakikishe mtandao na anwani, kisha angalia nini kimeambatana na salio lako.