Nyumba ya Mdaiwa Mwenye Dhiki

Katika Suratul-Baqara, aya ya 280, Mwenyezi Mungu anaamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Je, nyumba yake iuzwe? Maimamu walitofautiana. Kwa Malik na Shafii huuzwa, naye akakodishiwa makazi. Kwa Ahmad, nyumba asiyo na budi nayo haiuzwi. Lakini akiwa ameiweka rehani, haki ya aliyeishika rehani hutangulia, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Sheria ya Rehani ya Uganda ya 2009 humpa mdaiwa siku 45 za kazi alipe malimbikizo, kisha notisi ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza. Kanuni za 2012 huruhusu mahakama kusimamisha mnada, aghalabu kwa amana ya asilimia 30 ya thamani ya mnada au ya deni. Muhula wa namna hii ni wa mwenye fedha! Mwenye dhiki atazitoa wapi?

Aya ya 60 ya Suratut-Tawba imewataja wadaiwa miongoni mwa mafungu manane ya zaka. Basi mwenye notisi aende kwa kamati ya zaka ndani ya zile siku 45, asingoje dalali afike mlangoni.