Tano na Theluthi: Hesabu ya Urani Iliyonifanya Nichekwe

Muhula uliopita mwalimu wetu wa kemia alituandikia ubaoni oksidi tatu za metali iitwayo urani: UO₂, U₃O₈ na UO₃. Mada yenyewe ni ya madarasa ya mbele, lakini yeye hupenda kutuonjesha mambo kabla ya wakati. Akatutaka tutafute nambari ya oksidisho ya urani katika kila moja, yaani idadi ya elektroni ambazo kila atomi ya urani huhesabiwa kuwa imeipa oksijeni. Mimi niliangukiwa na ile ya katikati. Nikaandika tano na theluthi moja. Darasa zima likaangua kicheko.

"Ati theluthi ya elektroni! Umeikata na kisu gani?" akauliza mmoja wa dawati la nyuma.

Nilifuta haraka nikajaribu tano, kisha sita, zote zikakataa. Kengele ikalia nikiwa bado ubaoni, chaki mkononi. Nimeomba nafasi hii nijitetee, tena kwa Kiswahili, maana humu humu shuleni wapo wanaodai kwamba kemia haielezeki kwa lugha hii.

Haya, tuhesabu. Katika oksidi hizi kila atomi ya oksijeni hupokea elektroni mbili. UO₂ ina oksijeni mbili, basi urani imetoa nne. UO₃ ina tatu, basi imetoa sita. U₃O₈ ina oksijeni nane, yaani elektroni 16, na watoaji ni watatu. Kumi na sita gawanya kwa tatu ni tano na theluthi. Sikukosea!

Lakini huo ni wastani tu. Watoto watatu wakichanga shilingi 16 za mandazi, wastani ni tano na theluthi, na hakuna aliyekata shilingi. Huenda mmoja alitoa nne na wawili wakatoa sita sita. Au wawili walitoa tano tano na mmoja sita. Kwa miaka mingi wanakemia walibishana ni ipi kati ya njia hizo mbili inayofuatwa na U₃O₈. Vipimo vya eksirei vilivyochapishwa mwaka 2013 viliunga mkono ile ya pili: atomi mbili zina tano, moja ina sita, na ya nne haimo kabisa.

Sasa, katika oksidi hizo tatu, ipi iliyo imara zaidi? Mimi nilidhani jibu ni moja. Kumbe inategemea mahali ulipoiweka! Chukua unga wa UO₂ uuchome hewani kwenye joto la 700°C: hunyonya oksijeni ukawa U₃O₈. Chukua UO₃, uichome vivyo hivyo: hupoteza oksijeni, nayo ikawa U₃O₈. Moja imepanda na nyingine imeshuka, zikakutana kwenye ile ile yenye theluthi iliyochekwa. Lakini ondoa hewa, upitishe haidrojeni kwenye joto hilo, na U₃O₈ hurudi kuwa UO₂.

Jambo hili si mchezo. Fueli ya vinu vingi vya nyuklia ni vidonge vya UO₂, kwa kuwa huyeyuka baada ya kupita 2800°C. Hewa ikivifikia vikiwa moto, UO₂ hugeuka U₃O₈, ambayo huchukua nafasi zaidi, karibu theluthi moja zaidi (theluthi tena!). Kidonge kigumu hupasuka kikawa unga.

Hiyo UO₂ iliwahi kuwadanganya hata mabingwa. Mwaka 1789 Martin Klaproth wa Berlin alichoma kampaundi ya urani pamoja na makaa, akapata kitu cheusi kinachong'aa kidogo. Akaamini ameipata metali yenyewe, akaipa jina kwa kufuata sayari ya Uranus iliyogunduliwa 1781. Makaa huinyang'anya oksidi ya chuma oksijeni yake, kwa nini isiwe hivyo kwa urani? Tazama nishati: kila moli ya oksijeni ikishikana na chuma kuwa kutu isiyo na maji, hutoka kilojuli kama 550. Ikishikana na urani kuwa UO₂, hutoka 1085. Alumini ya sufuria zetu nyumbani hutoa kama 1117. Urani basi hukaa jirani na alumini, na makaa ya Klaproth hayakufua dafu.

Miaka 52 ikapita. Mwaka 1841 Eugène Péligot wa Paris alipochanganua kloridi ya urani, sehemu 100 zilimletea jumla ya kama 110. Naam, hesabu isiyowezekana! Hakuifuta. Alitambua kwamba ile "metali" ilikuwa na oksijeni ndani yake, akatumia potasiamu badala ya makaa, na urani halisi ikapatikana.

Nilipomwonyesha mwalimu haya alicheka, akaniandikia swali jingine pembeni mwa daftari, nami nawaachia. Fe₃O₄ ya chuma na Pb₃O₄ ya risasi zote zina wastani wa mbili na theluthi mbili. Chuma huwa na mbili au tatu. Risasi huwa na mbili au nne. Wachangaji ni watatu, shilingi ni nane. Nani katoa ngapi?