Kipigo Si Msalaba wa Ndoa



Katika ploti nyingi za Kawangware, Kangemi na Uthiru, ukuta mmoja tu hutenganisha nyumba na nyumba. Usiku sahani zinavunjika, mama analia, watoto wanapiga mayowe. Jirani anaongeza sauti ya redio. Asubuhi mama anatoka amejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, na akiulizwa anasema aligonga mlango. Nasi tunasema, "Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana."

Methali hiyo inahusu kutoelewana kwa kawaida. Haihusu ngumi. Nakiri kwamba katika miaka yangu ya kwanza ya ukatekista nilimrudisha mama mmoja kwa mumewe nikamwambia avumilie na kusali rozari. Nilikosea. Sala ni njema, lakini aliyejeruhiwa anahitaji usalama kwanza.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 34 walikuwa wamewahi kudhulumiwa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Kwa wanaume walikuwa 27. Basi jambo hili limo pia katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo.

Kanisa linafundisha nini?

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa ndoa haivunjwi, mke hana ruhusa ya kuondoka hata akiuawa. Sivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inampa haki ya kutengana mtu ambaye mwenzake anamtia yeye au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili. Kwa kawaida ruhusa hutoka kwa askofu, lakini ikiwa kukawia ni hatari, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikumbusha kwamba pengine kutengana huwa ni lazima. Kujiokoa si kuvunja sakramenti.

Sheria ya nchi

Tangu mwaka 2015 Kenya ina sheria ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani. Inahesabu kipigo, kulazimishwa tendo la ndoa, vitisho, na hata kunyimwa fedha kwa ukatili. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi ili mkosaji asimkaribie mwenzake. Sheria hii inamlinda mume pia.

Ukipigwa, ufanye nini?

Kwanza, nenda hospitali kabla ya kuoga wala kufua nguo, hasa ukiwa umenajisiwa. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Nairobi Women's Hospital, kule Hurlingham, ilianzisha kituo cha kuwatibu waliodhulumiwa mwaka 2001. Kutoka Kawangware, matatu za namba 46 hupita huko.

Pili, piga ripoti polisi, upewe namba ya OB na fomu ya P3, ambayo daktari ataijaza. Itunze, ndiyo ushahidi wako kortini.

Tatu, tafuta wakili. Chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, kimekuwa kikiwasaidia akina mama wasio na uwezo tangu mwaka 1985.

Nne, piga simu 1195. Hailipishwi. Kwa mtoto anayeteswa, piga 116.

Weka kitambulisho, vyeti vya watoto na nauli mahali utakapovifikia upesi.

Kwako mume, na kwako jirani

Mume unayepiga, usisingizie pombe wala ugali uliochelewa. Mtume Paulo alikuagiza umpende mkeo kama mwili wako. Nenda kwa padre, kubali kosa, uanze kusaidiwa leo. Toba ya kweli haimharakishi aliyeumizwa kurudi.

Nawe jirani, bisha hodi, ita wenzako, piga simu. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kilio kinachopita ukutani si siri tena.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Tunapokosana, nani huogopa? Kwa nini?
2. Watoto wetu wanajifunza nini kutokana na ugomvi wetu?
3. Mama akibisha mlango wetu usiku akikimbia kipigo, tutamfungulia?